Kusaidiwa kujiua na maradhi ya akili: sheria zinasema nini, na Kanisa linafundisha nini

Mwaka 2025 ulileta habari mbili zilizozusha mjadala mkubwa. Tarehe 9 Januari, Mahakama Kuu ya Kenya, kupitia kwa Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu cha sheria kinachomwadhibu mtu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume cha Katiba ya nchi hiyo. Tarehe 20 Juni, Bunge la Makabwela la Uingereza liliunga mkono, kwa kura 314 dhidi ya 291, mswada wa kuwaruhusu wagonjwa walio karibu na kufa wasaidiwe kukatisha maisha yao.

Wako wanaozisikia habari hizi mbili kana kwamba ni moja, na kuhitimisha kuwa dunia nzima sasa inahalalisha kujiua. Sivyo. Kumwondolea adhabu mtu aliyejaribu kujiua ni jambo moja. Kuhalalisha msaada wa kujiua ni jambo jingine, na yanaelekea pande zinazopingana. La kwanza linamtoa mgonjwa mikononi mwa polisi na kumkabidhi kwa mganga wa hospitali. La pili linamwambia mganga huyohuyo kwamba anaweza kumpatia mgonjwa dawa ya kumwua. Ufunguo wa kuyatenganisha mambo haya ni afya ya akili.

Sisi wa Dodoma tuna sababu ya pekee ya kulitafakari suala hili. Bunge linalotunga sheria za Tanzania hukaa katika jiji letu. Katika jiji hilihili ipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyoanza mwaka 1927, pamoja na Isanga, mahali wanapotunzwa wagonjwa wa akili wenye kesi za jinai.

Maana ya maneno

Kifo laini, au eutanasia, ni tendo la kumwua mgonjwa kwa makusudi, au kuacha kwa makusudi kumpa anachostahili, ili afe na mateso yake yakome. Anayetenda ni mtu mwingine, mara nyingi daktari. Katika kusaidiwa kujiua, daktari humwandikia au kumkabidhi mgonjwa dawa ya kuua, na mgonjwa mwenyewe huitumia. Kimaadili matendo haya mawili ni ya ukoo mmoja, kwani yote yanalenga kifo.

Kuacha tiba nzito isiyo na faida tena ni jambo tofauti kabisa. Mgonjwa wa saratani iliyoenea mwili mzima anaweza kusema, "Sitaki kupasuliwa tena, nirudisheni nyumbani." Hajajiua. Amekubali kwamba binadamu hufa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inafundisha kuwa yaweza kuwa halali kusimamisha matibabu yenye gharama kubwa mno, ya hatari, au yasiyolingana na matokeo yanayotarajiwa. Huduma za kawaida, kama chakula, maji, usafi na kupunguza maumivu, hazikatizwi.

Sheria zetu zinasema nini

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ni urithi wa utawala wa Kiingereza. Kifungu cha 216 kinamhusu yule anayemshawishi, anayemshauri au anayemsaidia mwenzake kujiua. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 217 kinamhusu yule aliyejaribu kujiua mwenyewe, na kinamhesabu kuwa ametenda kosa. Tena, ibara ya 14 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi, na pia haki ya kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Hapo neno "jamii" lina uzito. Uhai wa mtu umewekwa chini ya ulinzi wetu sote.

Waingereza waliotuachia vifungu hivyo walibadilisha vya kwao mwaka 1961. Sheria yao ya mwaka huo iliondoa kosa la kujaribu kujiua, lakini ilibakiza kosa la kumsaidia mwingine kujiua, kwa adhabu inayoweza kufikia kifungo cha miaka 14. Hukumu ya Kenya imefuata njia kama hiyo. Kilichotamkwa kuwa batili ni kifungu cha 226 kuhusu aliyejaribu. Kifungu cha 225, kinachomwadhibu anayemsaidia mwingine kujiua, hakikuguswa. Miongoni mwa waliopeleka shauri hilo mahakamani walikuwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa nchi hiyo. Hoja yao ilikuwa ya kitabibu: anayefikia hatua hiyo kwa kawaida ni mgonjwa au mtu aliyelemewa, na hofu ya kushtakiwa humfanya ajifiche badala ya kutafuta msaada.

Hoja hiyo inatuhusu. Katika vijiji vya Bahi, Chamwino, Mpwapwa au Manyoni, familia iliyomkuta kijana wao amejaribu kujidhuru inakabiliwa na maamuzi mawili magumu kwa wakati mmoja: kumwahisha kwenye zahanati, au kumficha ili asikamatwe na jina la ukoo lisichafuke. Kila dakika ya kusitasita yaweza kugharimu uhai. Mwamini anaweza kuunga mkono kuondolewa kwa adhabu hiyo bila kukubali hata kidogo kwamba kujiua ni haki. Dhambi ni nyingi, na si kila dhambi hutibiwa kwa gereza.

Hoja za wanaotaka msaada wa kujiua

Haifai kuwadharau wanaotetea sheria hizo. Wengi wao wamewauguza wazazi wao kwa miezi mingi na kuwaona wakiteseka. Wanasema mtu ana uhuru juu ya mwili wake, na kwamba huruma inatudai tusimwache mtu katika maumivu yasiyovumilika. Hoja hizo zinagusa moyo. Tuangalie basi zimefika wapi zilipogeuzwa kuwa sheria.

Katika jimbo la Oregon nchini Marekani, sheria ya kusaidiwa kujiua ilianza kutumika mwaka 1997. Taarifa za kila mwaka za jimbo hilo zinaonyesha kwamba sababu zinazotajwa zaidi na wagonjwa ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo, kushindwa kufanya yale yaliyowafurahisha, na kujiona wamepoteza heshima. Hofu ya kuwa mzigo kwa familia hutajwa mara nyingi kuliko maumivu ya mwili. Hata hivyo ni wagonjwa wachache mno waliopelekwa kwa mtaalamu wa akili kabla ya kupewa dawa ya kufa.

Nchini Uholanzi, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1994 kesi ya daktari wa magonjwa ya akili aliyemsaidia kujiua mama aliyefiwa na watoto wake wawili. Mama huyo hakuwa na ugonjwa wa mwili. Mahakama ilimtia daktari hatiani kwa kuwa hakuna daktari mwingine aliyemchunguza mgonjwa, lakini haikumpa adhabu yoyote. Tena ilikubali kwamba mateso ya moyo pekee yanaweza kuhalalisha msaada wa kufa. Sheria ya nchi hiyo iliyoanza kutumika mwaka 2002 haiwazuii wagonjwa wa akili. Kanada ilianza mwaka 2016 na wale ambao kifo chao kilikuwa kinaonekana; mwaka 2021 ikawaongeza wasiokaribia kufa; na ikapanga kuwaingiza wenye maradhi ya akili peke yake. Hatua hiyo ya mwisho imeahirishwa mara kwa mara, mpaka Machi 2027, kwa sababu mfumo wa afya haukuwa tayari.

Mwendo huu unaeleweka. Ukikubali kwamba mateso ni sababu ya kutosha ya kumsaidia mtu kufa, utamkatalia vipi mwenye mateso ya akili, ambayo ni ya kweli na pengine ni makali kuliko ya mwili? Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mgonjwa wa saratani haubaki wazi kwa huyo peke yake. Mwezi Mei 2025, Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Uingereza, ambacho si chombo cha Kanisa, kilitangaza kwamba hakiwezi kuunga mkono mswada wa nchi hiyo kama ulivyokuwa. Wasiwasi wake mmoja ulikuwa huu: kazi ya daktari wa akili ni kuzuia watu wasijiue, na mahitaji yanayotibika, kama sonona, yaweza kumfanya mgonjwa atake kufa.

Ugonjwa unaposema kwa sauti ya mgonjwa

Sonona ni zaidi ya huzuni ya kawaida. Mwenye sonona hukosa usingizi au hulala mno, hupoteza hamu ya chakula na ya watu, hujiona hana thamani, na huamini kwamba hali yake haitabadilika kamwe. Imani hiyo ya mwisho ni dalili ya ugonjwa, kama homa ilivyo dalili ya malaria. Anaposema, "Hakuna faida ya mimi kuishi," anayesikia hudhani amesikia uamuzi wa mtu huru, kumbe amesikia ugonjwa ukisema kwa sauti ya mgonjwa.

Daktari Harvey Chochinov wa Kanada na wenzake walichapisha mwaka 1995 utafiti juu ya wagonjwa 200 waliokuwa karibu na kufa. Wengi walisema kuna nyakati walitamani mwisho uje upesi. Waliokuwa na hamu ya kweli na ya kudumu ya kufa walikuwa 17 tu, na kati yao 10 walikutwa na sonona. Wagonjwa sita walihojiwa tena baada ya wiki mbili. Wanne kati yao hamu hiyo ilikuwa imepungua. Mwaka 1999 daktari huyohuyo alionyesha kwamba nia ya kuishi kwa wagonjwa wa namna hiyo hupanda na kushuka hata ndani ya siku moja, kulingana na wasiwasi, huzuni na ugumu wa kupumua. Kifo hakipandi na kushuka. Kikishatendeka, hakuna kesho ya kubadilisha mawazo.

Hata hapa kwetu tunao ushahidi. Wakumbukeni ndugu zetu waliopimwa na kukutwa na virusi vya Ukimwi katika miaka ya 1990. Siku hizo majibu hayo yalikuwa kama hati ya kifo. Wengi walikata tamaa, na jamii ikawatenga. Katika miaka hiyo migumu, mwaka 2002, Wamisionari wa Damu Azizi walianzisha hapa Dodoma Kijiji cha Matumaini kwa ajili ya watoto walioguswa na janga hilo. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Waliovushwa katika miaka ya giza kwa uji, sala na uangalizi wa ndugu waliifikia siku ambayo dawa ilipatikana, na wengine leo wanalea wajukuu. Kama jibu letu kwa kukata tamaa kwao lingekuwa dawa ya kufa, tungewazika watu ambao Mungu alikuwa bado anawaandalia miaka mingi.

Kuna na neno "mzigo". Katika nyanda zetu za kati mvua ni za msimu mmoja, na mtama na alizeti vinaposhindwa, familia huuza mbuzi ili kumsafirisha mgonjwa hadi Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Mzee anayeona zizi linakuwa tupu kwa ajili yake husema, "Niacheni nife, msimalize mali ya watoto." Maneno hayo hutoka katika upendo na aibu. Siku sheria itakapomwambia kwamba kufa ni mojawapo ya huduma anazoweza kuomba, kuendelea kuishi kutageuka kuwa jambo linalohitaji kutetewa. Wahenga walisema kufa kufaana. Si kila anayesimama kando ya kitanda anaomboleza kwa moyo mmoja.

Mafundisho ya Kanisa

Kanisa linafundisha kwamba uhai ni zawadi ya Mungu, nasi ni mawakili wake, si wamiliki (KKK 2280). Kwa hiyo kujiua ni kosa zito dhidi ya upendo wa Mungu, wa nafsi na wa jirani, na kumsaidia mtu kwa hiari kujiua ni kinyume cha sheria ya maadili. Mtakatifu Yohane Paulo II alilithibitisha fundisho hilo katika waraka wake Evangelium vitae wa tarehe 25 Machi 1995. Barua Samaritanus bonus ya mwaka 2020 na tamko Dignitas infinita la mwaka 2024 zimelirudia: heshima ya binadamu haipungui kwa ugonjwa, uzee wala ulemavu.

Katekisimu hiyohiyo, namba 2282, inafundisha pia kwamba maradhi mazito ya akili, uchungu mkubwa, au hofu kali ya mateso yanaweza kupunguza wajibu wa yule aliyejiua. Namba 2283 inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wake wa milele, kwa kuwa Mungu, kwa njia anazozijua mwenyewe, anaweza kumpa nafasi ya kutubu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa makusudi. Ile ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1184, haiwataji tena.

Mafundisho haya mawili hayagombani. Kwa kuwa aliyejiua mara nyingi hakuwa huru kamili, tunamhurumia na kumwombea. Na kwa sababu hiyohiyo hatuwezi kuliita ombi lake la kufa kuwa ni uamuzi huru ambao daktari anapaswa kuutekeleza.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano wa nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Akiwa amechoka na kuwindwa, aliketi jangwani chini ya mti akamwomba Mungu autwae uhai wake. Mungu hakumkemea, wala hakumtimizia ombi lake. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Ndipo baadaye akazungumza naye na kumpa wenzake wa kazi. Mgonjwa haulizwi uji, wasema Waswahili. Eliya naye hakuulizwa.

Jibu lenye huruma

Kusema "hapana" kwa kifo laini bila kumpa mgonjwa nafuu ni kumwongezea mateso. Jibu la Kanisa linaitwa tiba shufaa: huduma inayotuliza maumivu, inayomsikiliza mgonjwa na kuiimarisha familia yake mpaka mwisho. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa wa Shirika la Wamisionari wa Tiba wa Maria, alianzisha Hospice Africa Uganda na kueneza mofini ya maji ya kunywa, dawa ya bei nafuu inayoweza kutumika nyumbani. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu hata wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika. Shirika hilohilo la watawa ndilo lililoanzisha Hospitali ya Makiungu huko Singida. Katika uwanda wetu, basi, mbegu ya huduma hii si ngeni. Kinachodaiwa ni kwamba dawa ya maumivu na mtaalamu wa afya ya akili vifike hadi kijijini.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Je, kumpa mgonjwa mofini ni kumharakishia kifo? Hapana. Dawa hiyo ikitolewa kwa kipimo cha daktari kwa nia ya kutuliza maumivu, ni halali, hata kama ingeweza kufupisha maisha bila kukusudiwa. Papa Pio XII alilifundisha hilo mwaka 1957, na KKK 2279 inalithibitisha.

Je, familia iliyomrudisha mgonjwa nyumbani kwa kukosa fedha imetenda dhambi? Hakuna anayelazimishwa kufanya lisilowezekana. Ila wasimwache peke yake. Wamlishe, wamsafishe, wamwite padre kwa ajili ya Kitubio, Mpako wa Wagonjwa na Komunyo Takatifu.

Je, aliyejiua anaweza kuombewa Misa? Ndiyo, na familia yake izungumze na paroko mapema. Jumuiya isikae mbali na msiba huo. Ndio msiba unaohitaji watu zaidi.

Je, si mapepo au kurogwa? Sala haigombani na hospitali. Mwombeeni mgonjwa, na siku hiyohiyo mpelekeni kwenye kituo cha afya. Kumfunga kamba, kumpiga au kumwachisha dawa kwa jina la imani ni dhambi.

Wajibu wetu

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, tuwe na macho kwa mtu aliyebadilika: anayejitenga, anayegawa mali zake ghafla, anayeaga bila safari. Tumwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali humfungulia njia ya kusema. Tusimwache peke yake, tufungie mbali dawa za shambani na vitu vya hatari, na tumsindikize kwenye zahanati, hospitali ya wilaya au Mirembe. Anayerudi kutoka Mirembe apokewe kama anayerudi kutoka hospitali nyingine yoyote. Ahadi ya siri haifungi mahali ambapo uhai uko hatarini, isipokuwa siri ya Kitubio.

Na wewe unayesoma makala hii huku moyo wako umechoka na kuishi, usibaki na wazo hilo peke yako. Mwambie leo mtu mmoja unayemwamini: ndugu, mhudumu wa afya, katekista au padre. Ugonjwa wako unatibika, na uchovu wako haujamfukuza Mungu.

Wabunge wetu wakija kulijadili suala hili, tuwaombe mambo mawili kwa pamoja: aliyejaribu kujiua akutane kwanza na mtabibu, na sheria inayomkataza mtu kumsaidia mwenzake kujiua isilegezwe. Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.

Tumsifu Yesu Kristo!